Maneno Madogo Niliyoandika Kumhusu Leontina

Siku mliponiaga, ninyi walimu vijana wa idara ya Kiingereza, mlinipa keki na shuka ambalo bado sijajua nitalivaa wapi. Mkaniomba pia niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikifundisha yale maneno madogo, viwakilishi, vitenzi visaidizi na vielezi, na jinsi yanavyokaa pamoja katika sentensi za kila siku. Mwalimu Mugisha akasema nikimaliza mtayaingiza kwenye vishikwambi vyenu. Nimeanza mara mbili nikaacha. Kila nikifika katikati nakuta siwezi kuyaeleza maneno hayo bila kumtaja Mwalimu Leontina, na siwezi kumtaja Leontina bila kusema nilichomfanyia. Sasa nimeamua kuandika vyote. Mkitaka kuingiza nusu ya kwanza tu kwenye vishikwambi, nitaelewa.

Nilifika katika shule hii, upande huu wa Kaisho, nikiwa na begi moja, na vyeti vyangu nimevifunga ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Mkuu wa shule wa wakati ule alinikabidhi kidato cha kwanza siku hiyohiyo, kabla sijavua viatu vyenye tope. Niliwaambia wanafunzi kila mmoja aseme kwa Kiingereza jambo ambalo mama yake hufanya kila siku. Msichana mmoja wa benchi la mbele akasimama, akitaka kusema mama yake hulazimika kwenda kisimani kila siku, akasema: "My mother he must to go always to the well."

Nilifurahi. Nilikuwa nimetoka chuoni, na sentensi ile ilikuwa na kila kitu nilichosomea. Mama amegeuka "he", mwanamume, kwa sababu nyumbani kwetu, kwa Kinyambo na kwa Kiswahili pia, tukisema "anaenda" hakuna anayeuliza kama aendaye ni mwanamke au mwanamume. "Must" imetiwa "to" isiyotakiwa. "Always" imefungwa nyuma ya kitenzi kama kuni nyuma ya baiskeli, na juu ya hayo mama ametajwa mara mbili. Nikayaandika makosa yote manne ubaoni, nikayapigia mstari kwa chaki nyekundu, nikamwambia akae. Alikaa. Hakusema tena neno la Kiingereza mbele yangu mpaka muhula ukaisha.

Mwalimu Rwechungura alikuwa amesimama dirishani akisikiliza. Alikuwa mkuu wa idara, mzee mwembamba aliyesoma seminari, na mfukoni alikuwa na kahawa kavu za kutafuna wakati wote. Kipindi kilipoisha aliniita.

"Umemrekebishia makosa mangapi yule binti?"

"Manne, Mwalimu."

"Na yeye amesikia mangapi?"

"Manne."

"Hakusikia hata moja. Amesikia kwamba mama yake amekosewa heshima mbele ya watu." Akanimiminia punje tatu za kahawa mkononi. "Kesho njoo na mkasi."

Kesho yake alinifundisha kutengeneza kadi. Tulikata karatasi ngumu za manila vipande vyenye upana wa vidole vitatu, tukaandika viwakilishi kwa wino mwekundu, vitenzi visaidizi kwa bluu na vielezi kwa kijani. Kamba ya katani ilipita ukutani kutoka dirisha hadi mlango, na kadi zikabanwa kwa vibanio vya nguo. Mwanafunzi anakuja mbele, anahamisha kadi, darasa linasoma. Akikosea hakuna anayesema amekosea. Mwenzake anakuja kuihamisha tena.

Hili ndilo mliloniomba, basi lisomeni polepole. Katika Kiswahili neno "labda" ni kama mgeni aliyezoea nyumba: "Labda atakuja", "Atakuja labda", linakaa litakapo. "Lazima" nalo halijali ni nani, halibadiliki. Kiingereza kinataka mtu atangulie, "she", kisha kitenzi kisaidizi, "will", kisha kielezi, "probably", ndipo tendo lenyewe: "She will probably come." Rwechungura alisema kati ya kile kisaidizi na tendo pana kiti kimoja, na vielezi kama "always", "never", "often" na "probably" hupenda kukaa hapo. "She must always go." "He can never finish." Mkifundisha hivyo, wanafunzi wanashika. Halafu mnawaletea "won't", kile kisaidizi cha kukanusha, na "probably" inanyanyuka kwenye kiti inaenda kukaa mbele: "She probably won't come." Nilimuuliza Rwechungura kwa nini. Alitafuna kidogo akasema Kiingereza hakikutushirikisha kilipokuwa kinaamua.

Alipostaafu aliniachia idara na zile kadi. Wanafunzi walimsindikiza kwa miguu mpaka kwenye kibanja chake, shamba lake la migomba, wengine wamembebea vitabu kichwani, na njia nzima walikuwa wakimtania na yeye akiwajibu. Mimi nilitembea nyuma. Nilimpenda mzee yule kama baba, lakini siku ile niliwahesabu waliombebea vitabu. Nilijiuliza kama kuna atakayenibebea mimi kitabu. Nalitaja hili ili msidhani wivu wangu ulianza na Leontina. Ulikuwepo, ulikuwa haujapata kazi.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Kesi ngumu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya "must". Kulikuja wageni waliotaka kuona mashamba ya kahawa huko Nyabiyonza, nikaombwa nipeleke wanafunzi watatu wa kidato cha tatu wakatafsiri. Bibi mmoja alikuwa analima chini ya migomba yake. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akamwonea huruma akasema: "You must be tired." Mwanafunzi wangu, kijana hodari kabisa, akamgeukia bibi akamwambia kwa Kinyambo: "Anasema ni lazima uchoke."

Bibi akashusha jembe. "Kwani nimemkosea nini huyu?"

Mgeni, akiona bibi ameacha kulima, akatabasamu akaongeza: "You must rest." Kijana akatafsiri: "Sasa anasema ni lazima upumzike."

"Mwambie achague moja," bibi akasema. "Nichoke au nipumzike."

Tulicheka mpaka tukafika nyumbani, lakini usahihishaji wake ulinichukua wiki mbili darasani. "Must" moja inaamuru. Nyingine inakisia: mtu anatazama dalili, jasho, mgongo, jembe, anasema bila shaka umechoka. Neno ni lilelile. Kinachotofautisha ni tendo linalofuata na uso wa msemaji. Tangu hapo nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba maneno haya madogo hayaelezi tu jambo. Yanamweleza anayesema, ana uhakika kiasi gani, na anataka kuonekana ana uhakika kiasi gani. Nilikuwa najivunia sana maelezo hayo. Nilikuja kuyatumia vibaya.

Leontina alihamia kwetu kutoka Muleba. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, yeye alikuwa amekulia kwenye nyumba yenye redio na vitabu, na Kiingereza chake kilitoka bila kusukumwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mimi nimeshapita arobaini. Siku ya kwanza alikuja mezani kwangu, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeambiwa wewe ndiye mkuu wangu wa idara. Nimekuja kujifunza."

"Marahaba. Karibu," nikamjibu, na kwa muda wa kama wiki moja nilimpenda.

Darasa lake lilipakana na langu. Ukuta ulikuwa wa tofali moja, usiofika kwenye paa. Mimi nikiwa nahamisha kadi kwenye kamba, upande wa pili ningesikia kimya, kisha sauti ya mtoto mmoja, kisha kicheko cha darasa zima, kisha watoto kumi wakitaka kusema kwa wakati mmoja. Kwa Kiingereza. Nikaanza kuhesabu vicheko. Siku za mwanzo nilijiambia hawasomi, wanacheza. Lakini mitihani ya muhula ilipokuja nilisahihisha karatasi za mikondo yote miwili, na wanafunzi wake walikuwa wanaandika sentensi ambazo sikuwahi kuzipata kwa wangu. Mmoja aliandika: "My father says he will never sell the cow, but he might." Baba anasema hatauza ng'ombe kamwe, lakini huenda akauza. Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Ilikuwa sahihi kila neno, na ilikuwa na baba mzima ndani yake. Nikampa alama zake kwa kalamu nzito.

Baada ya hapo niliona mambo madogo kila mahali. Wanafunzi walimsalimu yeye kwa Kiingereza na kusimama kuongea naye. Mimi walinipa shikamoo wakapita. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, watoto walimletea yeye vikopo vya senene waliokaangwa na mama zao. Mimi nililetewa pia, lakini nilitazama ukubwa wa kikopo.

Na kulikuwa na Kemilembe, binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili kwenye mkondo wa Leontina. Tukiwa mezani mchana wa Jumamosi angesema, "Baba, Madamu anasema 'might' ni kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hukiamini sana." Au, "Madamu anasema tusiogope kukosea 'he' na 'she', hata yeye alikosea mpaka alipofika kidato cha nne."

"Hata mimi nafundisha hivyo," ningesema.

"Ndiyo, Baba," angejibu, kwa upole ule wa mtoto anayemwonea mzazi huruma.

Mke wangu Adventina aliona kila kitu. Siku moja alipakua ndizi, akaongeza sahani moja tupu mezani. Nikamuuliza ni ya nani. "Ya Madamu," akasema. "Si tunakula naye kila siku." Kemilembe akacheka. Mimi sikumaliza chakula.

Wiki hiyohiyo Leontina alinijia ofisini. "Mwalimu, wanafunzi wananiambia una kadi za kamba, urithi wa mzee aliyekutangulia. Naomba siku moja nizione."

Zilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko changu. "Zimeliwa na mchwa," nikasema.

Alijua si kweli. Wanafunzi walikuwa wamezitumia asubuhi ile. Alinitazama kidogo, akasema, "Pole sana, Mwalimu." Jumatatu iliyofuata nilikuta mezani kwangu rundo la kadi mpya za manila, zimekatwa upana wa vidole vitatu, viwakilishi kwa nyekundu, visaidizi kwa bluu, vielezi kwa kijani, mwandiko mzuri kuliko wangu. Kulikuwa na karatasi: "Mwalimu, nimekukatia nyingine badala ya zilizoliwa." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananihurumia au ananichoma. Kama ningekuwa mtu mwema ningemuuliza. Nilizifungia kabatini.

Kisha ikaja barua. Walimu wa Kiingereza walikuwa wanatafutwa kwenda chuo kimoja nje ya mkoa kwa mwaka mzima, wakirudi wawe wakufunzi wa wenzao katika Karagwe na Kyerwa. Sharti la kwanza, mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. La pili, mkuu wa idara aandike tathmini yake kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeshapita umri huo. Leontina alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na katika shule zetu zote sikumjua aliyestahili kuliko yeye. Mkuu wa shule alinipa fomu akasema, "Andika unachokijua, mimi nitagonga muhuri."

Nilijifungia maktaba baada ya vipindi. Nataka mwelewe kwamba sikuandika uongo. Ningeandika uongo, angekuja mtu akaukanusha. Niliandika sentensi tatu, na kila moja niliipima kama fundi.

Ya kwanza: "She can teach well." Anaweza kufundisha vizuri. Inasikika kama sifa. Lakini someni tena. Sikusema anafundisha vizuri. Nilisema anaweza. Ningeandika "She teaches well", msomaji angemwona mbele ya ubao. Kwa "can" nilimwacha mlangoni.

Ya pili: "One may sometimes find her class noisy." Mtu anaweza wakati mwingine kukuta darasa lake lina kelele. Hii ndiyo niliyoitengeneza kwa muda mrefu zaidi. "One" ni kiwakilishi kisicho na uso. Ni mtu yeyote, hivyo si mimi. "May" inasema huenda, hivyo sidai. "Sometimes" inasema si kila siku, hivyo naonekana mwenye haki. Maneno matatu madogo yamepangwa kwa utaratibu uleule alionifundisha Rwechungura, na nyuma yao nimejificha mimi mzima.

Ya tatu: "She could perhaps guide other teachers." Labda angeweza kuwaongoza walimu wengine. "Could" peke yake tayari ina mashaka. Nikaipandishia "perhaps", mashaka juu ya mashaka. Hakuna kamati inayomchukua mtu wa "could perhaps" kwenda kuwa mkufunzi.

Nilisoma mara mbili na, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa jinsi zilivyokaa. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuandika Kiingereza kizuri kama kile.

Hakuchaguliwa. Alichukuliwa mwalimu wa wilaya nyingine. Leontina alikuja mezani kwangu siku majina yalipotoka, macho yake yamevimba kidogo, na mkononi ana kikapu cha parachichi kutoka kwenye kibanja chake.

"Shikamoo, Mwalimu. Sikupata. Lakini najua ulijitahidi kuniandikia, nimeona nikushukuru."

"Marahaba," nikasema. "Pole sana."

Nilidhani wivu ungeisha, kwa kuwa nimeshinda. Haukuisha. Uliendelea kula. Leontina alirudi darasani na kufundisha kama zamani, na sasa nilimwonea wivu pia kwa kuwa na moyo safi wa kuleta parachichi. Nilizipeleka nyumbani. Adventina na Kemilembe walizisifia. Mimi nilisema zina maji.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Akaja mkuu wa shule mpya, mwanamama anayependa utaratibu, na kwa kuwa wakaguzi walikuwa njiani aliwaomba walimu wawili wampangie majalada ya zamani. Mmoja alikuwa Leontina.

Ilikuwa saa nne, wakati wa chai. Walimu wengine walikuwa nje, wanaota jua baada ya mvua. Leontina aliingia ofisini, akavuta kiti cha upande wa pili wa meza yangu, akaketi. Hakunisalimu. Aliweka nakala ya ile tathmini mbele yangu, akaigeuza ili niweze kuisoma, akaweka kidole kwenye sentensi ya pili.

"Mwalimu," akasema, "huyu 'one' ni nani?"

Nilitazama kidole chake. Kilikuwa na chaki.

"Ni namna tu ya kuandika," nikasema. "Ni mtu yeyote."

"Nimefundisha hapa miaka mingi. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kuingia darasani kwangu. Hata wewe hujawahi kuingia. Nauliza tena. Huyu ni nani?"

Nje mtu alikuwa anakoroga chai, nasikia kijiko. Nilijaribu kutafuta sentensi. Nilikuwa nazo nyingi, maisha yangu yote nimekuwa nazo, na zote zilianza na mtu mwingine.

"Ni mimi," nikasema.

"Basi ungeandika 'I'." Akagonga kidole kwenye lile neno. "Ungeandika 'I', ningejua wa kumuuliza. Miaka mitatu nimekuwa najiuliza nina upungufu gani. Nilianza kuwanyamazisha watoto, Mwalimu. Nilidhani labda nimewazoea mno. Wewe hukusikia? Ukuta ni uleule."

Nilikuwa nimesikia. Kwa muhula mzima vicheko vilikuwa vimepungua, na nilikuwa nimevihesabu, na nilikuwa nimefurahi.

"Nilikuonea wivu," nikamwambia. Kwa Kiswahili sentensi hiyo ni fupi sana, maneno mawili tu, na yote yamo: mimi, wewe, na nilichofanya. "Darasa lako. Kemilembe. Kila kitu. Hukuwa na upungufu wowote."

Hakulia wala kunitukana. Alichukua karatasi, akaikunja. "Asante kwa kusema," akasema, kisha kengele ikalia, akaenda darasani.

Jioni ile nilimweleza Adventina. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharage, halafu akaniuliza jambo moja tu: "Na mkuu wa shule umeshamwambia?" Sikuwa nimemwambia. Kesho yake nilikwenda. Mkuu wa shule mpya alinisikiliza, akanipa karatasi nyeupe, akasema niandike upya kisha nisome mbele ya kikao cha walimu. Niliandika: "I was jealous of her. She teaches better than I do. She should have gone." Nilimwonea wivu, anafundisha kuliko mimi, ilipaswa aende. Niliposoma, nilikwama kwenye "should have", maana hiyo ndiyo kazi ya maneno hayo mawili yakiwa pamoja: yanataja jambo lililostahili kutokea na ambalo haliwezi tena kutokea. Walimu hawakujua watazame wapi. Leontina alitazama dirishani.

Mkuu wa shule aliituma wilayani. Jibu lilikuja kwa heshima kwamba tathmini imepokelewa na kuwekwa kwenye jalada lake, ila kwa nafasi za mafunzo umri wake umeshapita. Nilijua tangu mwanzo. Leontina naye alijua. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Mwishoni mwa mwaka aliomba uhamisho kwenda Igurwa. Tulimfanyia sherehe ndogo. Wanafunzi walilia waziwazi, na Kemilembe, aliyekuwa amekuja likizo kutoka kidato cha sita, alimshika mkono mpaka kwenye gari. Leontina hakusema lolote baya juu yangu kwa yeyote. Nimewahi kutamani angesema, ili nami nipate cha kumlaumu.

Niliendelea kufundisha. Nilitoa zile kadi alizonikatia, nikazitumia mpaka zikachakaa, na ninyi mmezikuta. Kila nilipoandika tathmini ya mwalimu yeyote, na ninyi mkiwemo, nilianza na "I" na sikuweka kielezi mpaka niwe nimekwenda kukaa darasani kwa mwenye jina. Mugisha, wewe nilikuonea wivu sana, hasa ile siku ya mdahalo. Nilikuandikia vizuri, lakini nilichukua siku tatu.

Sasa Kemilembe ni mwalimu wa Kiingereza, na amepangiwa shule ya Igurwa, kwa Leontina. Hakuniomba ushauri kabla ya kukubali. Wiki mbili baada ya kustaafu nilimpelekea vyombo vyake kwa gari la kukodi, na baada ya kuvishusha nilikwenda ofisi ya walimu. Leontina alikuwa anapanga madaftari. Nywele zimeanza kuwa nyeupe.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, kama zamani.

"Marahaba. Habari za siku nyingi."

Tuliongea juu ya mvua, juu ya migomba yenye mnyauko, juu ya Kemilembe, ambaye Leontina alimsifia kwa maneno ambayo mimi sikuwahi kumwambia mwanangu. Kengele ya kipindi ikalia, akachukua chaki zake. Nikapata ujasiri.

"Leontina, nimestaafu. Sina fomu ya kujaza. Naomba niingie, nikae nyuma, nisikilize kipindi chako kimoja."

Alisimama na madaftari kifuani.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Chai ipo, nitakuwekea, na binti yako nitamtunza. Lakini darasani kwangu, hapana."

Nikamwambia nimeelewa. Alinimiminia chai mwenyewe, akaniwekea sukari, akatoka, akavuka uwanja. Kupitia dirishani nilimwona akiingia, wanafunzi wakasimama, kisha mlango ukafungwa. Kemilembe alikuwa ameshatangulia ndani, na daftari lake jipya, kwenda kukaa nyuma na kujifunza.

Nilikunywa chai yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumwonea Leontina wivu. Niliwaonea wivu wale waliokuwa ndani.